Mgeni wa Jua la Utosi

Maji yalikuwa baridi. Hilo peke yake lingetosha kumshtua Lambros, kama angekuwa mtu wa kushtuka upesi. Jua lilikuwa utosini, mawe ya uchochoro yakichoma hadi kwenye soli ya kiatu, na glasi ile iliyowekwa juu ya sinia dogo la bati, kwenye kizingiti cha nyumba iliyofungwa, ilikuwa inatoka jasho kana kwamba imeletwa sasa hivi. Kando yake palikuwa na kisahani, na juu ya kisahani kijiko, na ndani ya kijiko kipande cha danzi, chungwa lile chungu, lililopikwa kwa sukari, kinang'aa.

Hapakuwa na mtu. Saa zile Kastro nzima imelala. Watalii hutuona sisi watu wa kisiwa cha Polinos wavivu, kwa sababu mchana mkubwa tunafunga madirisha, tunazima redio na kujilaza hadi kivuli kirudi ukutani. Uvivu upo, sikatai. Lakini bibi zetu walisema usiku una taa, una mbwa, una watu wanaokesha. Mchana mkubwa hauna mlinzi, na hiyo ndiyo saa ya majini. Hatuwaiti hivyo. Tunawaita wa nje, kwa kuogopa wasije wakaitika.

Lambros hakuwa mtu wa visiwani. Alikuwa na duka la rangi Larissa, bara kabisa, ambako bahari huonekana kwenye kalenda tu. Watoto wao wawili walipohama nyumbani, mkewe Evanthia alimwambia, "Miaka yote unawauzia watu rangi ya bluu ya visiwani. Nipeleke nikaione." Wakaja. Walipanga chumba kwa Bi Moskula, ndani ya Kastro, mji wetu wa zamani ambao nyumba zake zimepeana migongo ili maharamia wakose pa kupenya, na lango ni moja tu, la kuingilia na la kutokea. Siku ile Evanthia alikuwa amelala, miguu juu ya mto. Lambros alitoka peke yake kupiga picha milango.

Alikuwa amelelewa na bibi, kwa maneno mazuri na kwa mwiko wa jikoni, na adabu ilimwingia mifupani. Alikuwa mtu wa kuishukuru mashine ya benki. Kwa hiyo sauti ya mwanamke iliposema nyuma ya mlango ule, polepole, kama ya mtu aliyekuwa akisinzia, "Umekuja vyema," Lambros alivua kofia.

"Nami nimewakuta vyema," akajibu.

Mjerumani angelipiga picha lile sinia akaenda zake. Mfaransa angetafuta bei. Ni sisi tu wenye lugha hii ambao tukiambiwa neno lile, mdomo hujibu wenyewe kabla kichwa hakijauliza anayesema ni nani. Lambros aliketi kizingitini, akala danzi, akanywa maji yote, akasema, "Mikono yako iwe na afya, mama," kama inavyopasa. Kisha akanyanyuka. "Niwaache mpumzike."

"Mbona mapema?" ilisema sauti. "Kaa kidogo bado."

Akakaa kidogo. Alipoinuka tena ndipo alipoliona kufuli la mlango, lilivyoota kutu hadi likawa donge moja la chuma, na juu, mahali palipokuwa na paa, mtini ulikuwa umechomoza matawi yake angani. Na kivuli kilikuwa kimeshapanda ukuta wote wa upande wa pili.

*

"Umekula nini?" Evanthia alimuuliza kabla hajavua hata viatu. "Unanuka jiko la bibi yako."

"Nimekaribishwa danzi. Kwa mama mmoja huko juu."

"Mama gani tena? Nimefumba jicho kidogo tu, umeshapata mama."

Lambros alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Akageukia ukuta. "Umesikia?"

"Nini?"

"Kijiko. Kwenye glasi."

Evanthia hakusikia kitu. Alimwambia jua limempiga, akamwekea kitambaa cha maji kichwani, akamtania kuhusu upara wake kama alivyozoea. Jioni Lambros hakula. Samaki wa Bi Moskula alibaki mzima kwenye sahani, wakafaidi paka.

Asubuhi walitaka kushuka kuogelea. Lango letu lina kiza ndani yake, ni pango fupi la mawe ambalo ukiingia unahisi ubaridi shingoni, kisha unatokea kwenye mwanga na bahari yote iko chini yako. Evanthia alitangulia na mataulo begani. Lambros alikuwa nyuma yake akieleza, kwa sauti yake ya dukani, kwamba aliyelipaka lango lile rangi hakukwangua ya zamani kwanza, na kwamba mtu wa namna hiyo—

Hapo sauti ilikatika. Evanthia akageuka. Langoni hapakuwa na mtu.

"Lambros? Acha utoto."

Alirudi ndani, akapanda uchochoro huu, akashuka ule, akiita kwanza kwa hasira, kisha bila hasira. Alimkuta ameketi kwenye kizingiti cha nyumba yenye mtini, magoti pamoja, kofia juu ya magoti. Midomo yake iling'aa sukari.

"Nilipita langoni," Lambros alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nakuapia, Evanthia. Nilikuwa nyuma yako, nikaona mwanga, nikatoka. Nikatokea hapa."

Evanthia hakuwa mtu wa kuamini mambo. Alikuwa na saluni, na mwenye saluni husikia uongo wa kila namna tangu asubuhi hadi jioni. Alimshika mume wake mkono, vidole ndani ya vidole, akamburuta hadi langoni mbele ya muuza kofia aliyekuwa akiwacheka. Wakaingia kizani pamoja. Katikati ya kile kiza alihisi mkono ule aliouzoea, mpana, wenye gamba la rangi kavu pembeni mwa kucha, ukiwa baridi, kisha ukiwa unanata, kisha ukiteleza kama sabuni bafuni, akabana kwa nguvu zake zote na kubana kwake ndiko kulikoufanya utoke. Alifika kwenye mwanga akiwa ameshika hewa. Kiganja chake kilikuwa na shira ya danzi.

Muuza kofia hakucheka tena. Alikuwa akikusanya kofia zake.

*

Siku nzima walijaribu. Lambros alipita lango akikimbia, alipita kinyumenyume, alipita amefumba macho. Kila mara alitokea kwenye kizingiti kile, na kila mara alichukua muda zaidi kuinuka. Kwa kuwa nyumba zimepeana migongo, hapakuwa na dirisha la kutazama nje ambalo mtu mzima angepenya. Wenzetu wa kale walijenga mji wa kumzuia adui asiingie. Hawakufikiria habari ya mtu asiyeweza kutoka.

Lakini kilichomtisha Evanthia kuliko lango kilikuwa kile alichokiona chumbani. Mume wake alianza kuwa mgeni. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kuposa. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Evanthia alipompa maji alisema, "Samahani, nawasumbua," na alisema nawasumbua, si nakusumbua, kwa mwanamke waliyelala kitanda kimoja miaka ishirini na sita na kugombania blanketi.

"Lambros. Ni mimi."

"Najua ni wewe." Machozi yalimlenga. "Najua, Evanthia, lakini mdomo hautaki. Na yule hanyamazi. Yuko humu." Alionyesha ukuta.

Na safari hii Evanthia alisikia. Ndani ya ukuta, ambako upande wa pili palikuwa na ukuta mwingine, na nyuma yake mwamba, kijiko kilikuwa kikikoroga glasi. Taratibu. Kling. Kling. Kikatua, kama mtu anayengoja ajibiwe.

"Anasema nini?" alinong'ona.

"Anasema chumba hiki ni kidogo kwa mtu kama mimi." Lambros aligeukia ukuta tena. "Anasema kesho mchana atanitandikia kitanda."

*

Bi Moskula hakuwa mwenye vyumba tu. Ndiye aliyekuwa akituondolea kijicho, husuda ya macho ya watu, sisi sote, wakubwa kwa watoto, kwa bakuli la maji na tone la mafuta ya zeituni. Akinuizia, yeye mwenyewe hupiga miayo, na kadiri kijicho kilivyo kikubwa ndivyo miayo inavyozidi. Evanthia alipomgongea alfajiri, hakuuliza swali. Alitia mafuta majini, na mwayo wa kwanza ukamfungua taya hadi machozi yakamtoka, ukafuata wa pili na wa tatu, hadi akalisukuma bakuli mbali kwa kiwiko.

"Hiki si kijicho," alisema akijishika shavu. "Mumeo amekula wapi?"

Evanthia akamwambia.

"Uuu, mama yangu. Nyumba ya akina Perdikaris." Bi Moskula alifunga dirisha kwanza, ndipo akaendelea kwa sauti ya chini. "Walihamia Australia mimi nikiwa msichana. Meli iliwahi, wakatoka mbio na masanduku, na hakuna aliyesimama kizingitini kuwaambia *Nenda na heri*. Nyumba isiyoagwa haijui kwamba wenyewe wameondoka, mwanangu. Inaendelea kungoja. Na yule wa nje akapita mchana mmoja, akakuta nyumba inangoja, akaitikia yeye, akajifanya mwenyeji."

"Anataka nini kwa Lambros?"

"Anataka mgeni! Kuna mwenyeji bila mgeni?" Bi Moskula alijifuta macho. "Huku kwetu mgeni haondoki hadi mwenyeji amwambie *Nenda na heri*. Na yule hawezi kulisema. Heri haikai mdomoni mwa wa nje. Anaweza kusema karibu, anaweza kusema kula, anaweza kusema kaa kidogo bado. Kwaheri hana. Sasa amemlisha tu. Siku akimlaza kitandani kwake, imekwisha."

Nimesikia watu wakisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni maneno ya mwenye huruma. Jini yule hakuwa na jembe nyumbani mwake.

"Niambie la kufanya," Evanthia alisema.

"Uende wewe na sinia lako. Umkaribishe ndani ya nyumba ile ile. Anayekaribisha ndiye mwenyeji, na anayekula ndiye mgeni, hata jini hana njia ya kuikwepa hiyo. Akila chako, mwambie aende. Halafu mwambie mumeo aende. Halafu toka wewe, ufunge mlango. Nyumba isiyo na mwenyeji wala mgeni haina neno na mtu."

"Mimi?" Evanthia alicheka kicheko cha kulia. "Mimi wakwe zangu niliwapa kahawa ya jana. Nenda wewe, Bi Moskula. Unaujua mji."

"Ndiyo maana siwezi. Mimi na wazee wote wa Kastro tulikula humo wenyewe wakiwepo. Aliyewahi kuwa mgeni wa nyumba hawezi kuikaribisha. Lazima awe mtu asiyewahi kuonja kitu chake." Alimshika Evanthia mkono. "Na sikiliza jambo moja, ulitie kichwani. Mumeo atoke kimya. Anayeambiwa *Nenda na heri* ana jibu lake."

"*Baki na*—"

"Usiliseme hapa! Akilisema akiwa pale mlangoni, basi atakuwa amekubakisha wewe, na atakuwa amekubakisha kwa heri, na neno la heri haliondoleki. Mumeo anaweza kunyamaza?"

Evanthia alifikiria mashine ya benki.

Wakapanga hivi: Lambros atoke na maji mdomoni, kama wasichana wetu wanavyobeba maji ya kimya kutoka kisimani siku ya Mtakatifu Yohana, asiyameze wala kuyatema hadi awe ameupita mlango. Mtu mwenye maji mdomoni hawezi kusema.

*

Lakini Lambros hakungoja kuitwa. Jua lilipofika utosini, madirisha ya Kastro yakafungwa moja baada ya jingine, nyenze wakapiga kelele hadi masikio yakauma, na Evanthia alipotoka jikoni kwa Bi Moskula na sinia mkononi, kitanda kilikuwa kitupu na kofia haipo.

Mlango wa nyumba ya mtini ulikuwa wazi. Kufuli lilikuwa chini. Bi Moskula aliketi kwenye jiwe la upande wa pili wa uchochoro, akajifunika kichwa kwa aproni, akaanza kunuizia huku akipiga miayo. Evanthia akavuka kizingiti.

Ndani palikuwa na harufu ya sukari iliyoanza kuungua na ya mashuka yaliyokaa sandukuni miaka mingi, na ingawa hapakuwa na paa na jua lilikuwa linamwagika kupitia majani ya mtini hadi sakafuni, palikuwa baridi, baridi ya kisima, baridi iliyopanda kutoka kwenye mawe ikaingia kwenye nyayo, na katikati ya ile sakafu iliyopasuliwa na mizizi palikuwa na kitanda cha chuma kilichotandikwa shuka jeupe lisilo na kunjo hata moja, kona moja imefunuliwa, jinsi mtu anavyomfunulia mgeni anayetaka kumwonyesha kwamba hapa ni kwako, na Lambros alikuwa ameshavua viatu, viatu vimepangwa pamoja, na alikuwa akilia bila sauti huku akifungua vifungo vya shati kwa vidole vilivyokuwa vikimtii mtu mwingine.

Na mtu mwingine alikuwapo. Evanthia alimwona pembeni mwa jicho, kwani akimtazama moja kwa moja alikuwa ukuta. Alikuwa na kila kitu ambacho mwanamke anacho, macho, shingo, mikono iliyokunjwa mbele, ila vilikaa kama vimepangwa na mtu aliyewahi kusimuliwa tu mwanamke alivyo.

"Umekuja vyema," alisema yule. Ilikuwa sauti tamu. Na Evanthia alihisi jibu likipanda kooni mwake peke yake, maneno yale aliyoyasema tangu alipojua kusema, akayauma meno yakasagana, akayarudisha chini kwa nguvu. Kisha akanyoosha sinia.

"Umekuja vyema *wewe*," alisema.

Nyenze walinyamaza wote kwa pamoja.

"Binti," ilisema sauti, na utamu ulikuwa umepungua, "hapa ni kwangu."

"Umekuja vyema. Karibu. Kula." Sinia lilikuwa linagongagonga, kijiko kwenye kisahani, glasi kwenye bati. "Danzi limepikwa na mikono ya mtu. Maji ni ya leo. Utalikataa sinia la mwenyeji, wewe uliyejifanya una adabu? Jirani wasikie kwamba mgeni alikaribishwa akageuza uso?"

Baridi ilimfika Evanthia magotini, kisha kiunoni, na Lambros akaacha vifungo akasimama na mikono imening'inia, na nje Bi Moskula alipiga mwayo mmoja uliosikika kama mtu anayekabwa, halafu, polepole, kwa sauti isiyo tamu hata kidogo, sauti ya kitu kinachokwaruza chini ya kisima, yule wa nje akajibu, kwa sababu alikuwa amejengwa kwa yale maneno na hakuwa na kitu kingine ndani yake. "Nami... nimekukuta vyema."

Kijiko kiliinuka. Kiligonga kitu ambacho hakikuwa meno. Maji yakaisha kwenye glasi.

"Nenda na heri," Evanthia alisema.

Yule alimpita. Alipita karibu kiasi kwamba nywele za mikono zilimsimama, na Evanthia, ambaye alitarajia ghadhabu, alisikia kitu kibaya zaidi, alimsikia akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Majani ya mtini yakatikisika, na nyumba ikabaki kimya.

"Evanthia?" alisema Lambros. "Evanthia, nina baridi."

Alikuwa yeye! Ilikuwa sauti yake ya kulalamika, ile ile ya blanketi. Evanthia alimkumbatia hadi akamwumiza, akambusu upara, akamwambia mjinga mkubwa wewe, kisha akamwekea mdomoni glasi ya pili iliyokuwa kwenye sinia. "Jaza mdomo. Usimeze. Usiteme. Usiseme kitu hadi uwe nje kwa Bi Moskula. Umenielewa? Tikisa kichwa."

Lambros akatikisa kichwa, mashavu yamevimba. Akachukua viatu vyake mkononi. Akatembea hadi kizingitini na kusimama, kwa kuwa mguu haukukubali kuvuka bila ruhusa.

"Nenda na heri, Lambros wangu," alisema Evanthia, na akalisema kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Pengine hapo ndipo alipokosea. Angelisema kwa ukali wake wa kawaida, huenda isingekuwa kitu.

Mguu wa Lambros ulivuka. Alikuwa huru, nusu yake juani. Akageuka kumtazama mkewe, mwanamke aliyeingia kwenye nyumba ya jini kwa ajili yake, na moyo wake ukamjaa shukrani. Na mdomoni alikuwa na maji ya mwenyeji. Bibi yake alimfundisha kwa mwiko kwamba maji uliyopewa na mwenyeji hayatemwi.

Akayameza.

"Baki na heri, Evanthia," alisema.

Bi Moskula alipiga yowe. Lambros alifunika mdomo kwa mikono miwili, viatu vikaanguka. Evanthia alijaribu kuinua mguu na mguu haukuinuka. Aliisikia ile sakafu ikimshika nyayo kwa upole, na mizizi, na kuta, nyumba nzima ikimkubali. Alifungua mdomo kumwambia Lambros neno la heri, kwa mara moja zaidi, na akalitafuta, na mahali lilipokuwa palikuwa na ufizi tu, kama pa jino lililong'oka.

Lambros akaja mbio. "Narudi. Narudi ndani, ngoja—"

Na kwenye ulimi wa Evanthia, kwa sauti tamu, maneno yakaanza kujipanga. *Umekuja.* Alijua angejibu. Angejibuje vinginevyo, Lambros huyu? Angejibu na angekula na asingetoka tena, kwa kuwa yeye Evanthia hakuwa tena na kwaheri ya kumpa. Kwa hiyo, wakati mdomo ulikuwa bado wake kidogo, alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa Kastro tangu mawe yake yapangwe. Alimfungia mgeni mlango usoni.

"Potea!" alipiga kelele ndani. "Muuza rangi wewe! Kichwa maji! Potea hapa!"

Lambros aligonga hadi ngozi ya mikono ikachubuka.

"Na watoto usiwaambie," sauti ilisema, chini sasa, karibu na tundu la ufunguo. "Hawajawahi kula humu. Watakuja na sinia, nami nitawabakisha. Waambie nimepata mwanamume mwingine. Sema na wewe uongo angalau mara moja maishani mwako, Lambros. Niapie."

Akaapa.

Aliwaambia, na wakamwamini, maana hakuwahi kuwadanganya. Mtoto wa kiume hataki tena kulisikia jina la mama yake. Binti alichoma picha. Duka la Larissa limeuzwa, na Lambros amepanga kwa Bi Moskula kwa mwaka. Lango anapita sasa apendavyo, kwenda na kurudi, na hana pa kwenda.

Kila mchana mkubwa, sisi tukiwa tumelala, huketi kwenye jiwe la upande wa pili wa uchochoro. Na kutoka nyuma ya mlango mkewe humtukana. Humwita mjinga, kipara, mwizi wa blanketi, humwambia akaoge, humwambia shati limekunjamana. Tunasikia kwenye madirisha yetu. Mgeni wa mji angedhani ni ugomvi. Lambros hulia kwa furaha, kwa kuwa maadamu anatukanwa, anajua anayemtukana ni Evanthia.

Msimu huu matusi yamepungua. Juzi alimwita bwana mgeni. Jana, Bi Moskula anasema, alimuuliza kwa upole sana kama amechoka kukaa juani.